Kifafa, Ufunguo wa Gari na Ukweli Kati ya Mume na Mke



Mama mmoja alinifuata baada ya sala ya jumuiya ndogondogo. Mumewe alikuwa akiendesha Probox ya abiria kati ya Rongo na Homa Bay. Mara mbili usiku alimwona amekakamaa, akatetemeka, povu mdomoni, na asubuhi mume hakukumbuka lolote. "Mwalimu," akaniuliza, "nikisema, tutakula nini?"

Tuanze na huko kusema, maana ndiko kugumu. Anayeshikwa na kifafa mara nyingi hajui kilichompata. Wewe uliyelala kando yake ndiwe shahidi. Daktari atataka kujua kilianzaje na kilichukua dakika ngapi. Kwa hiyo, mama, kunyamaza si kumsitiri mumeo. Mwambie mkiwa wawili, si mbele ya mama mkwe. Kikimjia tena mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, na kikipita dakika 5 mkimbize hospitali.

Wala msianzie kwa watoa pepo. Kifafa ni hitilafu ya umeme wa ubongo. Chaweza kutokana na kuumia kichwa, uzazi mgumu, malaria iliyopanda kichwani, hata mayai ya tegu wa nguruwe. Kwa wengine chanzo hakionekani. Hakiambukizwi kwa povu wala kwa kulala kitanda kimoja. Hata Kanisa limejifunza: sheria zake za 1917 ziliwazuia wenye kifafa kupewa daraja takatifu, lakini zile za 1983 hazikukitaja tena.

Sasa ufunguo. Mume na auweke chini leo, hata kama kifafa humjia usingizini tu, mpaka daktari aseme. Kisha mhesabu miezi tangu kifafa cha mwisho, si tangu siku ya kuanza dawa. Kikirudi hata kimoja, mnaanza upya. Uingereza, kwa kawaida, mwenye gari dogo hukaa miezi 12 bila kifafa; wa basi au lori miaka 10, tena bila dawa. Kwetu Kenya, Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, humtaka anayeomba leseni atamke ugonjwa unaoweza kufanya uendeshaji wake uwe hatari. Usiufiche. Mimi nawaunga mkono Waingereza juu ya abiria: kujihatarisha ni jambo moja, na zile Probox zetu zilizojazwa mpaka buti ni jingine. Na usiniambie bodaboda ni afadhali! Akikakamaa juu ya pikipiki, yeye na aliyempakia wamo barabarani mbele ya lori. Wala asiingie ziwani peke yake kuvua.

Shirika la Afya Duniani linasema hadi watu 70 katika kila 100 wangeweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa zinazofaa. Lakini tembe ni za kila siku, hata ukijisikia mzima. Ukiziacha ghafla kifafa hurudi kwa nguvu. Pombe na kukosa usingizi hukichokoza. (Wanakwaya wenzangu, msimlazimishe mgonjwa mikesha ya usiku kucha.) Na ikiwa mgonjwa ni mke, mwoneni daktari kabla ya kutafuta mtoto, maana dawa nyingine, kama valproeti, huweza kumdhuru mtoto tumboni. Asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe.

Tutakula nini, basi? Wale wawili waliita kaka wa mume wakashauriana. Gari likapewa dereva mwingine anayeleta hesabu kila jioni. Pato limepungua, sitawadanganya. Mama ameongeza kuuza omena, na mtoto mmoja alirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Walitundika kalenda ukutani, mume akawa anatia alama kila anapomeza dawa. Mwezi wa nne dawa ziliisha, akachelewa kwenda kuchukua nyingine, akaanguka uani. Wakaanza kuhesabu upya. Ufunguo wa akiba umo katika kopo la majani chai, na ni mume mwenyewe aliyeutia humo.