Tailizi juu ya sakafu mbichi

*Sakafu ya saruji ilimwagwa wiki mbili zilizopita. Fundi anataka kubandika tailizi kesho. Nimruhusu? – Msomaji, Sumbawanga*

Subiri. Saruji husinyaa inapokauka, na ikisinyaa chini ya tailizi huzibandua. Baridi ya huko kwenu Ufipa ya Juni na Julai huichelewesha zaidi. Ipe siku 28 angalau tangu kumwagwa. Fundi atasema juu pamekauka, lakini unyevu hujificha chini. Bandika kipande cha nailoni sakafuni, ziba kingo zote kwa utepe wa gundi, ukifungue kesho yake: ukikuta matone, bado. Kisha gonga sakafu kwa mpini wa nyundo. Panapolia kama pana uwazi pavunjwe na kujazwa upya. Niru laini ikwanguliwe, vumbi lifagiliwe. Ukiona ufa unaozidi kupanuka, mwite mhandisi kwanza.