Vinyama vya Puani: Kwanza Tazama Upande

Pua ikiziba wiki moja, huenda ni mafua. Ikiziba miezi mitatu, mtu akaacha kusikia harufu ya mboga jikoni na usiku akalala mdomo wazi, inafaa imulikwe ndani na mtaalamu.

Urambo, Sikonge na Kaliua, mkoani Tabora, ambako tumbaku hukaushwa kwa kuni, wengi huulaumu moshi. Ni kweli moshi huchokoza pua. Lakini vinyama huota pale utando wa ndani unapovimba kwa muda mrefu, na wengi wenye navyo wana pumu pia. Ni laini, vya kijivu, vinang'aa kama zabibu iliyomenywa, na vikiguswa haviumi. Haviambukizi, wala si saratani.

Vinyama hivi kwa kawaida huota kwenye matundu yote mawili. Likiziba tundu moja tu, likitoka damu, au jicho la upande huo likianza kutokeza, nenda hospitali wiki hiyo hiyo, maana saratani ya pua huweza kuanza hivyo. Kijana wa kiume anayebalehe, mwenye pua iliyoziba na inayotoka damu mara kwa mara, asiguswe kabisa na kibano: upo uvimbe uliojaa mishipa ya damu, na kuukata ovyo kunaweza kumuua. Mtoto mdogo anayetoa kamasi yenye uvundo tundu moja, yaelekea amejitia harage au punje ya mahindi. Usilichokoe, litasogea ndani zaidi.

Tunasisitiza hili kwa sababu bado wapo wanaokata watoto kimeo majumbani, na hatutaki wembe huo ufike puani. Ugoro nao hauponyi pua. Matone ya kuzibua ya dukani yakizidi siku tano huifanya izibe zaidi.

Anzia zahanati au kituo cha afya, uombe rufaa ya kumwona daktari wa masikio, pua na koo. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ni Kitete, pale Tabora mjini. Matibabu makubwa zaidi yapo Bugando, Mwanza. Usafiri wa kufika huko upo, ila nauli ndiyo mzigo, hivyo familia ianze kuchanga mapema.

Mara nyingi tiba ya kwanza ni dawa ya kupuliza puani kila siku kwa wiki kadhaa. Inamisha kichwa kidogo, elekeza ncha upande wa sikio, si kwenye ukuta wa katikati. Isiposaidia, hufanywa upasuaji kupitia matundu ya pua. Vinyama huweza kuota tena, kwa hiyo endelea kupuliza kama ulivyoelekezwa hata baada ya kupona. Uliza kama kilichotolewa kimepelekwa maabara. Na mwenye pumu amwambie daktari iwapo aspirini humbana kifua.