Baada ya Pasaka nimebaki peke yangu

*Padre, Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mjane, nilihamia Mwanza mwaka jana. Kwaresima tulikuwa pamoja, Pasaka tukashangilia. Sasa ni wiki ya tatu, hakuna anayebisha hodi kwangu. Je, nilipendwa kwa sikukuu tu?*
*Mama J.*

Milele amina, mama. Upweke huo ni wa kweli, na si dalili kwamba imani yako imepungua. Kwaresima hutukutanisha hata tusipopanga: Njia ya Msalaba kila Ijumaa, mazoezi ya kwaya, michango. Ikiisha, kila mtu anarudi kwenye ada za shule na biashara yake, na mgeni ndiye anayesahaulika kwanza. Sidhani ni makusudi, ingawa hilo halituondolei wajibu.

Je, una jumuiya ndogondogo ya Kikristo? Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao wa AMECEA, walizipa kipaumbele jumuiya hizo ili waamini wajuane na kutegemezana. Muulize katekista jumuiya ya mtaa wako inasali lini na nyumbani kwa nani. Ukizoea, omba zamu wakutane kwako. Chai ya rangi inatosha, usikope. Na mwambie mwenyekiti wa jumuiya waziwazi kwamba ungependa kutembelewa. Wengi hunyamaza kwa haya, jirani akadhani mambo ni shwari. Hujachelewa: Pasaka ya Kanisa ni siku 50, hadi Pentekoste.

Upweke ukizidi hadi usingizi na hamu ya kula vipotee kwa wiki mbili, muone daktari. Ukianza kuona heri ufe, nenda hospitali siku hiyohiyo, na mwombe mtu akusindikize.