Ngoma, Tarumbeta na Picha za Sinema

Alfajiri ya Pasaka, kabla jua halijachomoza juu ya milima ya Livingstone, Wakristo wa Kanisa la Moravian katika wilaya ya Rungwe hukusanyika makaburini. Ni majira ya mvua. Ukungu umetanda juu ya migomba, na nyasi zimelowa. Katika kundi hilo wamo wajane na yatima, nao wamo wazazi waliozika mtoto mwaka ule ule. Mara tarumbeta zalia gizani, na watu waanza kuimba.

Kaburi ni lile lile na udongo ni ule ule. Lakini mama aliyeletwa hapa siku ya mazishi akishikwa mikono na jamaa zake, kwa kuwa miguu yake ilikataa kumchukua, sasa amesimama wima na anaimba pamoja na wenziwe. Je, ni kitu gani kilichobadilika? Machoni pake hakuna jipya. Masikio yake ndiyo yaliyoletewa habari nyingine.

Desturi hii ya kwenda makaburini alfajiri ilianza kwa Wamoravian wa Herrnhut, katika nchi ya Ujerumani, Pasaka ya mwaka 1732. Wamisionari wa kanisa hilo walipofika Rungwe mwaka 1891 walikuja na nyimbo zao na taratibu zao. Katika miji ya kale ya Wamoravian, huko Ujerumani na hata Marekani, palikuwa na desturi nyingine iliyo ya ajabu zaidi. Mtu alipokufa, wapiga tromboni walipanda juu ya mnara wa kanisa wakapiga wimbo wa kutangaza msiba. Kila jamii ya watu ilikuwa na wimbo wake: wanaume waliooa walikuwa na wao, wajane na wao, watoto na wao. Mtu aliyekuwa shambani akilima alisikia sauti ile, naye kabla hajaambiwa neno lo lote akajua kama aliyefariki ni mjane au mtoto.

Lakini watu wa Rungwe hawakungoja tarumbeta za Ulaya ndipo wajue nguvu ya muziki. Kati ya mwaka 1934 na 1938, Mwingereza mmoja aitwaye Godfrey Wilson, pamoja na mkewe Monica, walikaa kati ya Wanyakyusa wakijifunza lugha yao na kuandika mila zao. Wilson alihudhuria mazishi mengi, na mwaka 1939 alitoa maandiko juu ya mambo aliyoyaona.

Wanawake walikaa karibu na maiti wakilia kwa sauti kuu. Nje wanaume walipiga ngoma, na vijana wakacheza. Walivaa njuga miguuni, na kwa desturi ya kale walijipaka udongo mwekundu na mweupe; mikononi walishika mikuki. Hawakucheza kwa safu kama askari waendao pamoja. Kila mmoja aliruka peke yake, kana kwamba anapigana na adui ambaye yeye tu amwona, na nyayo zao zilishindilia udongo laini wa kaburi lililofunikwa sasa hivi. Baadhi ya wanawake nao waliingia kati yao wakipiga vigelegele vya vita.

Mgeni aliyepita njiani na kusikia ngoma ile angedhani kuna harusi. Angekosea sana. Ngoma haikupigwa kwa sababu watu wamesahau maiti, bali kwa sababu uchungu, hofu na hasira vilikuwa vimejaa ndani ya mioyo yao, na mambo hayo yakikosa njia ya kutoka humwumiza mtu. Mchezo ulianza kwa ukali, ukaendelea, na mwisho uso wa watu ukabadilika. Waliokuwa wakilia wakaanza kuzungumza. Vijana wakafanyiana mzaha, wakacheka. Ngoma iliwapokea watu wakiwa na huzuni ikawachukua mpaka mahali pengine. Ni kama mtumbwi unaomvusha mtu mto: aingiapo yuko ng'ambo hii, ashukapo yuko ng'ambo ya pili, wala hakuogelea.

Wamisionari wengi waliichukia ngoma hiyo, nao waliwakataza Wakristo kuicheza. Waliona mikuki, mzaha na michezo ya vijana, wakasema haifai mbele ya mauti. Hivyo Mkristo wa siku zile alipofiwa na baba yake alisimama katika njia panda. Akiingia ngomani, atalaumiwa na wazee wa kanisa. Akikaa kando, ndugu zake waweza kumtazama na kusema moyoni, Huyu hakumpenda babaye. Nyimbo za kanisa ziliingia mahali pa ngoma, na hakika zilifaa kwa kazi hiyo, kwa kuwa huzuni ya watu isingeachwa bila sauti yo yote. Lakini yafaa kukiri kwamba wale waliokataza ngoma walitazama miguu ya wachezaji kuliko nyuso zao.

Sasa tufikirie sinema. Sinema ilikuja Afrika ya Mashariki kama kitu kigeni kabisa, ila kazi ya muziki ndani ya sinema si ngeni kwa mtu aliyezoea mambo hayo ya Rungwe. Hapo mwanzo picha za sinema zilikuwa bubu. Watu walionekana wakifungua vinywa, wala sauti haikutoka. Hata hivyo katika nyumba nyingi za sinema za Ulaya na Marekani palikuwa na mtu aliyekaa chini ya pazia akipiga piano. Jambo hilo lilifaa kufunika kelele za mashine, lakini halikuwa hilo tu. Picha ya watu wanaokwenda bila sauti hutia ubaridi, kama kutazama vivuli vya wafu. Piano iliwapa vivuli vile moyo.

Katika Tanganyika yenyewe palifanywa jaribio kubwa la kufundisha watu kwa sinema, tangu mwaka 1935 hata 1937. Baraza la Kimataifa la Misheni lilikuwa na mkono katika kazi hiyo, na fedha nyingi zilitoka kwa shirika la Carnegie la New York. Makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara, na wakuu wake walikuwa Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham. Walitengeneza picha juu ya safura, juu ya udongo unaochukuliwa na mvua, juu ya kuweka akiba posta, na mambo mengine ya namna hiyo, na Waafrika ndio waliocheza ndani yake. Kisha lori lilichukua mashine na kuzunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, na nchi ambazo leo huitwa Zambia na Malawi. Usiku pazia lilitundikwa mahali pa wazi, na watu wakakusanyika.

Sauti ya picha hizo haikuwa juu ya utepe wa picha. Ilitiwa katika santuri, na santuri ikapigwa wakati picha ikienda. Faida yake ni kwamba picha moja iliweza kusema lugha nyingi, kwa kubadili santuri tu. Lakini mashine za namna hii zina tabu yake. Utepe ukikatika ukaunganishwa, au sindano ya gramafoni ikiruka, picha na sauti huachana njia. Hapo mtu huonekana akicheka huku sauti ya msiba ikisikika. Kwa kawaida watazamaji hawalii wala hawacheki, hutazamana. Jicho lasema hivi, sikio lasema vile, na moyo haujui umsikilize nani.

Je, mashahidi hawa wawili wakigombana, yupi ashindaye? Wataalamu walilipima jambo hili kwa njia nyepesi sana. Mwaka 1944 Fritz Heider na Marianne Simmel, huko Marekani, walitengeneza picha fupi ya sinema isiyo na mtu hata mmoja. Ndani yake mlikuwa na pembetatu kubwa, pembetatu ndogo na duara, vikitembea huku na huku karibu na umbo kama nyumba yenye mlango. Basi. Wala macho hayakuchorwa. Hata hivyo watu walioitazama walisema pembetatu kubwa ni mgomvi na mwonevu, na vile vidogo viwili vinamkimbia. Hivyo ndivyo moyo wa mwanadamu ulivyo: hauwezi kutazama kitu kinachokwenda usikipe nia.

Mwaka 1988 Sandra Marshall na Annabel Cohen waliichukua picha ile ile. Watu wengine waliionyeshwa pamoja na muziki wa namna moja, na wengine pamoja na muziki wa namna nyingine, ulio mbali na ule wa kwanza. Kisha wakaulizwa maumbo yale yana nguvu kiasi gani, wepesi kiasi gani, na kadhalika. Majibu hayakulingana. Muziki ulipobadilika, tabia ya maumbo ilibadilika machoni pa watu, ingawa hakuna mstari hata mmoja wa picha uliokuwa umeguswa. Wala watazamaji hawakusema kwamba wanahukumu muziki. Walidhani wanasema habari za pembetatu.

Watengenezaji wa sinema walikuwa wameijua siri hiyo zamani. Mfano wake mashuhuri ni picha iitwayo Jaws, iliyotoka mwaka 1975. Ni hadithi ya papa mkubwa anayekula watu waogao baharini. Watoto wa Rungwe wamzoea mamba wa Ziwa Nyasa kuliko papa wa bahari, lakini hofu ya kitu kilichofichwa majini ni moja. Steven Spielberg, aliyeiongoza kazi hiyo, alitengenezewa papa wa mashine. Maji ya chumvi yaliiharibu mashine mara kwa mara, papa akakataa kuogelea. Ikampasa kutafuta njia ya kuonyesha papa pasipo papa.

John Williams ndiye aliyetunga muziki, na alichotunga kwa ajili ya mnyama yule ni sauti mbili tu, tena zilizo jirani, zikifuatana chini kabisa ya vyombo. Kwanza polepole, kama mtu apumuaye usingizini. Kisha upesi zaidi. Kisha upesi sana, na kwa nguvu. Pazia laonyesha maji matupu na miguu ya mwogeleaji, ila kila mtazamaji ajua kwamba papa yupo, tena kwamba amekaribia. Mahali pengine watoto wawili watukutu waogelea na pezi la uongo ili kuwatisha watu. Waogaji wapiga kelele na kukimbilia pwani. Lakini muziki wa papa hausikiki. Na baadaye, mtazamaji akiisha kuuamini muziki kama mlinzi wa mlango, papa wa kweli atokeza kichwa ghafula bila sauti ya kumtangaza. Watu wengi waliruka vitini mwao.

Katika hayo yote yafaa kutenga mambo mawili. Kuna nguvu ya muziki iliyo ya mwili. Mwaka 2006 Luciano Bernardi na wenziwe, wa Italia, walitangaza habari za watu 24 waliosikilizishwa muziki wa namna mbalimbali huku wakipimwa. Muziki ulipokwenda upesi, pumzi zao na mapigo ya mioyo yao yaliongezeka. Uliponyamazishwa kwa muda wa dakika mbili, miili yao ilitulia kupita ilivyokuwa kabla ya muziki kuanza. Mpiga ngoma aongezaye mwendo hahitaji ruhusa ya msikiaji. Tena, mwaka 2009 Thomas Fritz na wenziwe walitoa habari za Wamafa, watu wakaao milimani kaskazini mwa Kameruni. Baadhi yao, ambao hawajapata kusikia muziki wa Ulaya, walipigiwa vipande vya muziki huo wakaulizwa upi ni wa furaha, upi wa huzuni, upi wa hofu. Walikosea mara nyingine, lakini waliotea sawasawa kupita vile ambavyo bahati ingewapa.

Nguvu ya pili ni ile mtu aliyofundishwa. Sauti mbili za papa si kitu kwa mtu asiyepata kuiona picha. Atadhani fundi anajaribu chombo chake. Tarumbeta za alfajiri zamfariji yule mama wa makaburini kwa sababu amezisikia tangu utoto wake, na ajua zinasema habari ya nani. Na ngoma ya mazishi ilimdanganya mgeni aliyepita njiani kwa sababu masikio yake yalikuwa yamesomeshwa katika nchi nyingine. Mwendo wa ngoma aliusikia vema. Maana yake hakuwa nayo. Wengi wa wale walioikataza walikuwa wageni wa namna hiyo.

Mwalimu aweza kulijaribu jambo hili darasani bila pazia wala mashine. Nusu ya wanafunzi watoke nje. Msichana mmoja aingie na kikapu kilichofunikwa, akiweke mezani, ageuke kutazama nyuma mara moja, kisha aondoke. Wakati huo mwanafunzi mwingine apige ngoma polepole na kwa upole. Kisha nusu ile itoke, wa nje waingie, na msichana afanye vile vile, bila kubadili hatua wala uso. Ila sasa ngoma ianze chini ikipanda, na mwendo wake uzidi mpaka atokapo mlangoni. Kila mwanafunzi aandike katika daftari lake kikapuni mna nini, na kwa nini msichana alitazama nyuma. Majibu ya makundi mawili yasomwe kwa sauti, kwanza ya hawa, kisha ya wale. Mwisho msichana akifunue kikapu, ambacho tangu mwanzo kiwe kitupu.