Kanisa la Wajerumani, au Letu?



Wapendwa vijana, juzi nyumbani Buguruni mdogo wangu wa kidato cha tatu aligoma kwenda Misa. Akasema, "Kaka, dini hii tuliletewa na Wajerumani. Hata Kanisa Kuu lenyewe ni lao." Nilitaka kumfokea, nikakosa neno. Jumamosi nikamwambia twende tukalione. Tukapanda daladala hadi Posta, tukatembea mpaka Mtakatifu Yosefu, pale linapotazama bandari.

Tuanze na ujenzi. Shirika la Wabenediktini waliolijenga lilianzishwa Ujerumani mwaka 1884 na Padre Andreas Amrhein. Yeye alikuwa mmonaki wa abasia ya Beuron, ambayo kanisa lake la karne ya 18 ni la mtindo wa Baroko, mtindo wa nakshi nyingi, dhahabu na dari zilizochorwa. Lakini kanisa letu, lililojengwa kati ya 1897 na 1902, lilifuata mtindo wa Gothiki. Litazame: mnara uliochongoka, matao na madirisha yenye ncha juu, vioo vya rangi nyuma ya altare. Baroko hujaza macho; Gothiki huyavuta kwenda juu. Ukiingia tu, shingo inainuka yenyewe.

"Ni zuri," dogo akasema. "Lakini bado ni lao."

Basi nikamsimulia habari za Pugu, hapo hapo jirani yetu. Misheni ya kwanza ya wamonaki hao ilianzishwa Pugu mwaka 1888. Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, ilivamiwa na kuharibiwa. Mabruda wawili na sista mmoja waliuawa, wengine wakatekwa. Sikumficha kitu: wamisionari walifika wakati uleule nchi yetu inatwaliwa na wakoloni, na waliopigana walikuwa na sababu zao. Historia ya Kanisa haihitaji kupakwa chokaa. Lakini pia miaka minane tu baada ya damu ile, ujenzi wa Mtakatifu Yosefu ulianza. Hawakukimbia.

Halafu nikamwonyesha kiti cha askofu. Kanisa huitwa Kuu si kwa ukubwa wa kuta, bali kwa sababu ya kiti kile. Mwaka 1960 Laurean Rugambwa wa Bukoba alifanywa Kardinali, Mwafrika wa kwanza wa nyakati zetu, na mwaka 1968 akateuliwa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam. Kuta walizichora Wajerumani. Kiti amekalia mtoto wa hapa.

Vijana, jengo linakuwa lenu mnaposali ndani yake. Mtume Petro anatufananisha na mawe hai (1 Pet 2:5). Jiwe likitoka ukutani, linabaki tundu. Kumbe ile nafasi ya dogo kwenye benchi la parokia yetu ilikuwa tundu, nami nilikuwa nimeizoea.

Hakunijibu kitu njiani. Ila Jumapili nilipoamka, nilimkuta anapiga pasi shati lake.

Tafakari wiki hii: nani katika jumuiya yako ameacha tundu, na ni lini ulimfuata mara ya mwisho?

Mtakatifu Yosefu, utuombee.