Mlima Elgon Wakati wa Masika: Jinsi Ninavyopanda Sipi Nikitokea Alupe

Kwenye mlango wa jiko letu hapa Alupe kuna tarehe zilizoandikwa kwa makaa. Mama huandika siku mvua ya kwanza ya maana inaponyesha, ile inayolowesha udongo mpaka jembe lizame bila kugonga, ili ajue mahindi yake yana siku ngapi ardhini. Mimi tarehe hiyo naitumia kwa kazi nyingine. Nahesabu siku kumi, nafunga mkoba, navuka mpaka wa Malaba kuingia Uganda, kwenda Sipi kwenye Mlima Elgon.

Majirani wanashangaa. Mlima tunauona asubuhi hewa ikiwa safi, umelala kule kaskazini kama ng'ombe mkubwa wa bluu, na kila mtu anajua kwamba wazungu huupanda Desemba hadi Februari, njia zikiwa kavu. Sasa nani aende Aprili, wakati hata barabara ya kwenda kisimani ni matope?

Wazo nililipata kwa rafiki yangu niliyesoma naye, aliyekwenda Japani kwa mafunzo. Mwezi wa nne alitembelea Hakuba, katika mkoa wa Nagano, bonde ambako Mkenya Philip Boit alishindana mbio za kilomita 10 za kuteleza kwenye theluji katika Olimpiki ya 1998. Boit alimaliza wa mwisho, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, akamngoja mwishoni ili amkumbatie. Rafiki yangu alifikiri atakuta umati. Alikuta theluji imebaki juu tu, kijijini micheri inachanua, baadhi ya mitambo ya kupandisha watu imezimwa, na mwenye nyumba ya wageni ana muda wa kuketi naye kwa chai. "Nilikwenda kuona theluji," aliniambia, "nikaikuta inageuka maji. Sijutii."

Nikajiuliza: na mlima wetu je? Nimekwenda masika mara nne sasa. Haya ndiyo niliyojifunza.

Hesabu siku kumi

Mkahawa wa arabika hulala wakati wa kiangazi ukiwa na vichipukizi vilivyofumba. Mvua nzuri ikiupiga, huamka, na baada ya kama siku kumi matawi yote yanavaa maua meupe yanayonukia kama asumini. Lakini maua hayo hukaa siku mbili tatu tu, kisha yanakauka na kuwa ya kahawia. Ukichelewa kwa wiki utaambiwa, "Ungekuja juzi."

Mvua ya Alupe si lazima iwe mvua ya Sipi. Sisi tuko kwenye mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, wao wako karibu na 1,800. Kwa hiyo tarehe ya mlangoni hunikumbusha tu kupiga simu. Nina namba ya mama mmoja mwenye nyumba ya wageni kule juu. Namsalimu, namuuliza habari za watoto, halafu naingia kwenye jambo lenyewe: "Mama, mikahawa imeamka?" Jibu lake ndilo tiketi yangu.

Vuka kwa mlango, si kwa dirisha

Kutoka Alupe, Busia ni karibu zaidi, lakini kwa safari ya Mbale mimi hupitia Malaba. Napanda matatu ya Malaba mapema, kabla foleni ya malori haijaanza kukoroma. Vijana wa bodaboda watakuita na kukuahidi kukuvusha kwa njia za panya upesi. Kataa kwa upole. Ukipatwa na jambo upande wa pili, huna karatasi ya kuonyesha kwamba uliingia.

Raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Siku hizi mpakani maafisa wa nchi zote mbili wako chini ya paa moja, kwa hiyo ukienda Uganda unashughulikiwa kwa mara moja upande wa Uganda. Beba pia kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Pesa badilisha dukani penye leseni, na uzihesabu papo hapo mezani. Mara ya kwanza nilibadilishia barabarani kwa kijana mcheshi sana. Nilipozihesabu Tororo, ucheshi wake ulikuwa umenigharimu nauli ya kwenda Mbale.

Kumbuka pia kwamba ukishavuka, matatu inaitwa taksi. Ukiomba taksi ukidhani utapata gari la peke yako, utajikuta umebanwa katikati ya watu kumi na wanne na kuku.

Njiani

Malaba hadi Tororo ni mwendo mfupi, na utajua umefika utakapoona lile jabali limesimama peke yake juu ya mji. Kwa sisi wa Teso hapa bado ni nyumbani. Sema "yoga" na utajibiwa. Kutoka Tororo hadi Mbale ni kama kilomita 45, na huko ni kwa Wagisu, ambao mlima wanauita Masaba. "Mulembe" ya Wabukusu na Waluhya wenzao inafanya kazi vizuri.

Mbale ndipo pa kula. Tafuta malewa, machipukizi ya mwanzi yaliyokaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga. Kisha ulizia gari la Kapchorwa na umwambie dereva utashuka Sipi, kama kilomita 50 mbele. Barabara ni ya lami, inapita Sironko, halafu inaanza kujipindapinda kupanda. Keti upande wa dirisha. Masikio yakiziba, meza mate, na ukifika kwenye kona za mwisho utasikia ubaridi umeingia garini kama abiria mpya.

Asubuhi tembea, mchana keti

Hiki ndicho nilichochelewa kukielewa. Masika mlimani mvua hupenda kuja baada ya adhuhuri. Mgeni wa kiangazi anaamka saa tatu, anakunywa chai taratibu, anatoka saa tano. Wewe saa kumi na mbili na nusu uwe njiani. Saa hizo anga limeoshwa, na ukisimama kwenye ukingo unaona tambarare za kaskazini zimetandazwa mpaka macho yachoke.

Maporomoko ya Sipi ni matatu. Lile kubwa huanguka karibu mita 100, na wenyeji husema jina lenyewe limetokana na sep, mmea unaofanana na mgomba unaoota kandokando ya mto. Kuyazunguka yote matatu kwa miguu kunachukua nusu siku. Wakati wa kiangazi maji ni uzi mweupe mzuri wa picha. Masika ni jambo lingine: unayasikia kabla hujayaona, na ukikaribia, upepo wake unakurushia manyunyu mpaka nguo za ndani. Kuna watu hushuka kwa kamba pembeni ya lile kubwa. Maji yakiwa mengi shughuli hiyo inaweza kusimamishwa, kwa hiyo usiifanye kuwa sababu ya safari.

Chukua mwenyeji wa kukuongoza. Patana naye bei kabla ya kuondoka, si mkiwa katikati ya mteremko. Yeye ndiye anayejua jiwe lipi leo linateleza na daraja lipi la mti limechukuliwa na maji usiku. Wangu alipita kwenye matope kwa kandambili huku mimi, kwenye raba zangu nyeupe, nikishikilia majani kama mtoto anayejifunza kutembea. Usishangae miguu yao. Mlima huu ndio uliomlea mkimbiaji Joshua Cheptegei wa Kapchorwa, na Peruth Chemutai, aliyetoka Bukwo na kwenda kushinda dhahabu ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji katika Olimpiki ya Tokyo.

Mchana mvua ikianguka, usinung'unike. Ingia jikoni. Mavuno ya kahawa yameshapita, lakini karibu kila nyumba ina akiba ya buni kavu. Utapewa kinu utwange maganda, upepete, ukaange kwenye moto wa kuni mpaka ziwe nyeusi, utwange tena, ndipo unywe. Kikombe hicho kitakuchukua saa mbili, na mvua nayo inachukua saa mbili.

Usichezee mteremko

Sasa nisikilizeni vizuri. Udongo unaostawisha kahawa na ndizi kwenye mlima huu ndio huohuo unaoporomoka. Tarehe 1 Machi 2010 kijiji cha Nametsi, Bududa, kilifukiwa. Bududa ilipigwa tena Oktoba 2018. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mito ilifurika mjini Mbale na kuua watu, na Novemba 2024 ardhi iliporomoka Bulambuli. Mlima ukishalowa kabisa, hauchagui mwezi.

Kanuni yangu: mvua ikinyesha siku mbili mfululizo bila kupumzika, siendi popote chini ya ukingo mkali, na kama bado niko Mbale, nalala Mbale. Safari moja niligeuzia hapo. Niliona uchungu wa nauli kwa siku moja, basi.

Kilele nacho kiache. Wagagai ina mita 4,321, ni safari ya siku kadhaa pamoja na mlinzi wa hifadhi, na hiyo ni kazi ya kiangazi. Ukipenda kubaki Kenya, lango la Chorlim upande wa Kitale litakufikisha kwenye pango la Kitum, ambamo tembo wamechimba ukuta kwa miaka mingi wakitafuta chumvi. Ila hapo pia pana neno. Mgonjwa mmoja wa virusi vya Marburg mwaka 1980 na mwingine 1987 walikuwa wamelitembelea pango hilo, na popo wa matunda ndio wanaobeba virusi hivyo. Sisi tunaokaa jirani na watafiti wa tiba wa KEMRI hapa Alupe hatuna kisingizio cha kutojua: usishike popo, usiguse kinyesi chao, na usiingie ndani kabisa kwa sababu tu rafiki yako ameingia.

Mkobani

- Gambuti. Raba ziache nyumbani.
- Koti la mvua linalofunika mkoba pia. Mwavuli mlimani ni pambo.
- Sweta nzito na soksi mbili zaidi ya ulizofikiria.
- Mfuko wa nailoni wa kitambulisho, simu na pesa. Noti iliyolowa haipokelewi na kondakta.
- Tochi, kwa sababu mvua na umeme hawapatani.
- Nafasi tupu ya kilo mbili, ya kahawa.

Hiyo nafasi tupu ilinisaidia nyumbani. Mara ya kwanza niliporudi, nilisimama kidogo Malaba kuangalia mto. Maji yalikuwa mekundu, yamejaa, yanakimbia. Ni mto unaotoka mlimani, na kwa mara ya kwanza nilijua yale matope yametoka kwenye mashamba ya aina gani. Nikafika Alupe, nikampa Mama kahawa. Akainusa, akasema nyumba hii ni ya chai, akaiweka juu ya kabati.

Mwaka huu mvua ilinyesha usiku wa Jumapili. Asubuhi nilikwenda mlangoni kuhesabu. Chini ya tarehe yake kulikuwa na tarehe nyingine, siku kumi mbele, kwa makaa yaleyale. Nikamuuliza hiyo ni ya nini, mbona mahindi hayahitaji.

"Hiyo ni yako," akasema, bila kuinua uso kutoka kwenye jiko. "Kahawa imeisha."