Tujifunze Dalili za Kiharusi



Mtu akilegea ghafla mkono na mdomo ukapinda, wengi wetu husema amerogwa. Tunakusanyika kuomba, tunangoja kupambazuke. Kumbe mara nyingi huo ni kiharusi: mshipa wa damu kichwani umeziba au umepasuka, na ubongo unaharibika kila dakika tunayongoja.

Tumpime hivi:

1. Uso. Atabasamu. Je, upande mmoja umelegea?
2. Mikono. Ainue yote miwili. Je, mmoja unashuka?
3. Maneno. Aseme sentensi fupi. Je, ulimi ni mzito?

Tukiona hata dalili moja, twende hospitali hapo hapo, hata usiku. Tukumbuke saa ilipoanza, kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, kwa kawaida hutolewa ndani ya muda wa saa 4 na nusu. Tusimpe chakula, maji wala vidonge, asije akapaliwa. Akizimia, tumlaze kwa ubavu. Dalili zikitoweka zenyewe, bado twende: hilo ni onyo.

Chanzo kikubwa ni presha. Aliyepewa dawa za presha asiziache kwa kuwa anajisikia vizuri.

Luka mwenyewe alikuwa tabibu. Basi tuombe, lakini tuombe tukiwa njiani.

Swali la kujadiliana: Katika mtaa wetu, nani ana baiskeli au pikipiki ya kumbeba mgonjwa usiku? Tukubaliane leo.